Rampu ya Kufuata Upepo wa Piyaya

Nyinyi vijana mnaonijia hapa Karatu na chaja zilizoungua, mnanikuta barazani nachambua maharage, halafu mnaniuliza fundi yuko wapi. Fundi ni mimi. Nimestaafu, sijafa, na mikono yangu bado inajua kazi. Kinachonikera ni lile swali lenu moja, "Bibi, nibadilishe nini?", kana kwamba ufundi ni kung'oa kitu kibovu na kupachika kipya. Leo nataka niwasimulie sakiti iliyonitoa jasho kuliko zote, na ndani yake hakukuwa na kitu chochote kibovu. Kila kipande kwenye ile bodi kilikuwa kizima, na bado watu walikuwa wanakosa maji.

Kwanza muielewe rampu, maana bila hiyo mtasinzia. Weka ndoo chini ya bomba lililofunguliwa kidogo. Maji yanapanda kwa mwendo uleule. Halafu unaimwaga ndoo yote kwa mkupuo, unairudisha, yanapanda tena. Ukichora kimo cha maji kwenye karatasi utapata meno ya msumeno: kupanda taratibu, kuporomoka ghafla. Kwenye sakiti, ndoo ni kapasita, bomba ni transista zinazopitisha umeme kidogo usiobadilika, na wa kumwaga ni transista nyingine. Hiyo tu. Imo kwenye mashine nyingi mnazozipita kila siku bila kuisalimia.

Mimi niliijua kwa Mzee Awadhi, Mrangi wa Kondoa aliyekuwa na duka la kutengeneza redio karibu na soko hapa Karatu. Ndiye aliyenifundisha kazi, enzi ambazo watu walikuja kuchungulia mlangoni wamwone msichana wa Kiiraqw aliyeshika waya. Alikuwa na dawa yao. Kila anayechungulia alimpa kitu cha kubeba.

Siku moja alikuja mwenye kibanda cha kuonyesha mpira, na televisheni yake ya chogo mgongoni mwa mkokoteni. Alilalamika kwamba wachezaji wake wakifika upande wa kulia wa kioo wanakonda. Mzee Awadhi alimjibu kwa utulivu kabisa kwamba huenda ni kwa sababu wamekimbia sana. Yule bwana hakucheka, kwani jioni yake kulikuwa na mechi na wateja walishakata tiketi.

Tulipoifungua, tatizo lilikuwa rampu. Kwenye zile televisheni rampu ndiyo inayovuta picha kutoka kushoto kwenda kulia. Kuna mtu aliyetengeneza kabla yetu alishindwa kupata transista, akaweka rezista peke yake badala ya bomba letu la mwendo uleule. Rezista ina tabia ya kulegea kadiri ndoo inavyojaa, kwa hiyo mwanzoni picha inakwenda haraka na mwishoni inajikokota, na watu wa mwishoni wanabanana. Mzee Awadhi hakunieleza kwa maneno hayo. Aliniweka mbele ya osiloskopu, ile mashine inayochora mwendo wa umeme kwenye kioo, akaniambia nitazame ule mstari mpaka niuone ulipopinda, naye akaenda kuswali. Aliporudi nilikuwa nimeuona. Tangu siku ile mstari uliopinda unaniudhi kama nguo iliyoshonwa kombo.

Miaka mingi niliishi kwa hizo hizo: redio za magari ya watalii, televisheni, friji za lodji. Baadaye zikaja pampu za maji, na pampu ndizo zilizonipeleka Piyaya, kwenye maboma ya Wamasai.

Kwenda kule unapanda mpaka geti la hifadhi, unazunguka ukingo wa kreta ndani ya ukungu, unashuka upande wa pili na kupokewa na vumbi, halafu unaendelea mpaka uanze kujiuliza kama dereva anajua njia. Uwanda mtupu, na upepo. Wafadhili walikuwa wamesimika mtambo wa upepo wa kuendesha pampu ya kisima, wakapiga picha, wakaondoka. Baadaye kisanduku cha kuongoza umeme kikaungua, na mwenyekiti wa kamati ya maji, mama mmoja aitwaye Naserian, akapanda lori la magunia mpaka Karatu kumtafuta fundi. Nilimwita yeyo, kama tunavyowaheshimu akina mama wa Kimasai, naye akaniita Mama Fundi. Tulikuwa karibu rika moja.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana jambo lote limelalia hapa. Mtambo ulipokuja, Naserian aliwashawishi wanawake wa maboma yale waachane na punda wao wa kubebea maji. Punda anahitaji malisho, anahitaji mtu wa kumchunga, anakaribisha fisi. Maji yakishafika mlangoni, punda wa nini? Wengine waliuza, wengine waliwapa ndugu zao wa mbali. Naserian mwenyewe punda wake aliwapeleka wote kwa dada yake aliyeolewa Endulen, ili wenzake waone kwamba anaamini anachosema. Sasa pampu imekufa, punda hawapo, na wanawake wanakwenda korongoni kwa miguu, madumu yamefungwa mgongoni kwa kamba. Wapo waliokuwa wameacha kumsalimia.

Nilimtengenezea kisanduku kipya. Kazi yake haikuwa ngumu kuieleza. Mtambo ukizunguka unatoa umeme wa mawimbi. Kila wimbi likianza, rampu inaanza kupanda. Ikifika kwenye alama niliyoiweka, inafungua lango, na umeme unakwenda kwenye pampu. Wimbi likiisha, ndoo inamwagwa, tunaanza upya. Nilikifunga mezani kwangu, nikakijaribu kwa umeme wa ukutani, nikaona rampu imenyooka kama rula. Nikakipeleka, nikakifunga, maji yakatoka, wakanichinjia mbuzi. Nilirudi Karatu nimeshiba na najisikia mtu.

Haukupita muda mrefu, Naserian akanipigia simu kutoka kwenye kilima ambacho mtandao unashika.

"Mama Fundi, hii mashine yako inaogopa upepo. Upepo ikija ya nguvu, maji inakatika."

Nilimwambia haiwezekani. Nilimweleza, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba upepo mkali maana yake ni umeme mwingi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akaniambia nije nikae nione. Nilikwenda na mita yangu na kiburi changu, nikakaa bomani kwake.

Ikawa kama alivyosema. Asubuhi, kaupepo kadogo, mapanga yanaanza kuzunguka, pampu inaguna, halafu yote yanasimama kama mtu aliyebebeshwa mzigo kabla hajasimama sawasawa. Jua likipanda, upepo wa kati, maji safi kabisa. Mchana upepo unakuja wa kuvua watu shuka, mapanga yanazunguka mpaka huyaoni, na bomba kavu. Ng'ombe wamesimama kwenye birika lao la kunywea wananitazama. Nilikagua kila waya, nikapima kila kipande, vyote vizima. Nilikaa chini ya ule mtambo nikiwa na hasira na kila mtu aliyewahi kutengeneza transista.

Nilipoacha kupima vipande na kuanza kufikiria ndoo, ndipo nilipoelewa. Umeme wa ukutani mawimbi yake yana mwendo mmoja, asubuhi mpaka jioni, mwaka mpaka mwaka. Mawimbi ya mtambo yanafuata mapanga, na mapanga yanafuata upepo. Upepo ukiwa mkali mawimbi yanakuja mbiombio, kwa hiyo ndoo inamwagwa kabla maji hayajafika kwenye alama. Lango halifunguki kabisa. Upepo ukiwa mdogo mawimbi ni ya uvivu, ndoo inafika kwenye alama mapema mno, lango linafunguka kabla ya wakati, pampu inanyonya umeme mwingi na mapanga yanakabwa. Rampu yangu ilikuwa nzuri kwa mwendo mmoja tu, mwendo wa ukuta wa nyumba yangu.

Sasa, kitabu cha zamani kina dawa ya hilo, na ndiyo aliyonifundisha Mzee Awadhi. Unabadilisha ndoo. Ndoo ndogo kwa mawimbi ya haraka, kubwa kwa ya polepole, na swichi ya kuzungusha katikati. Osiloskopu nyingi za zamani zina swichi hiyo, kwa sababu kuna mtu ameketi mbele yake anayejua anachokitaka. Nikafunga swichi yenye kapasita tatu. Wazee wakamteua Mzee Lemayian, mtu mpole asiyependa kelele, akae karibu na kisanduku na kuzungusha kulingana na upepo.

Mzee Lemayian aliichukua kazi ile kwa uzito kuliko mkuu wa wilaya. Alilowesha kidole, akainua juu, akatafakari, akazungusha. Shida ni kwamba upepo wa Piyaya haumsubiri mtu atafakari. Akishaweka ndoo ndogo, umetulia, akishaweka kubwa, umerudi. Halafu wenzake wa rika wakamwita orpul, kule porini wanakokwenda kula nyama na kunywa supu ya mizizi mpaka nguvu zirudi, na hakuna Mmasai atakayeacha orpul kwa ajili ya swichi. Alikwenda, akaiacha kwenye ndoo kubwa, na birika likakauka.

Wazee walikasirika, na walikuwa na haki. Walimwambia Naserian kwamba mwezi ukiandama watakaa palepale kwenye birika. Kama maji yatakatika mbele ya macho yao, mtambo utashushwa, mabomba yatauzwa, na yeye ataiacha kamati na kujua namna ya kuwarudishia wanawake punda wao. Naserian alinisindikiza mpaka kwenye gari, akaniambia atawakalisha pale na mimi nitakuwepo. Hakuniuliza kama nitaweza. Ningependa angeniuliza, ningepata nafasi ya kusema sijui.

Nilipofika Karatu nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Awadhi. Macho yake yalikuwa yameshaanza kumwacha, duka alikuwa amemwachia mwanawe. Nilimweleza yote. Akaniambia niongeze ndoo, badala ya tatu niweke kumi. Nikamuuliza nani atazungusha. Akasema niwatafutie mtu makini. Tulibishana mpaka chai ikapoa, mimi na yule mzee ambaye sikuwahi kumpinga kwa lolote. Mwishowe alisukuma kikombe chake kando, akasema:

"Mwanangu, mimi maisha yangu yote nimetengeneza vitu vya kukaa sebuleni. Cha upepo sijawahi. Hicho ni chako."

Nilitoka pale nimenywea. Unapokuwa mtu mzima bado unatarajia yule aliyekufundisha awe na jibu mfukoni, na kumsikia akisema hana kunauma kwa namna ya peke yake. Lakini Naserian alikuwa ameshaniweka mbele ya wazee wa watu, tena bila kuniuliza, na sikuwa na nia ya kushindwa.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuuacha umeme wa ukutani. Nilipindua baiskeli ya mume wangu juu chini mezani, nikafunga dainamo yake ya taa kwenye sakiti, nikawa nazungusha pedeli kwa mkono huku natazama osiloskopu. Taratibu kama asubuhi ya Piyaya, mbiombio kama mchana wake. Wateja waliokuja kuchukua redio zao waliondoka wakinong'onezana. Mume wangu alinishauri nipumzike, halafu akaomba baiskeli yake. Hakuipata. Nanyi mkitengeneza kitu, kijaribuni kwa shida kitakayokutana nayo, msikijaribu kwa raha ya mezani.

Dawa niliyoiendea ilikuwa hii: ndoo ibaki moja, bomba ndilo lijifungue lenyewe. Nilitengeneza sehemu inayoangalia rampu imefika kimo gani sekunde ileile kabla ya kumwagwa, na kukihifadhi kile kimo kwenye kapasita nyingine ndogo. Kama kimo ni kifupi, maana yake mawimbi yana haraka, fungua bomba zaidi. Kama kimerefuka, funga kidogo. Kwa njia hiyo mawimbi yaje kwa kasi yoyote, kilele kinabaki palepale, na alama yangu inapata maana ileile. Kusema ni rahisi. Nilipoiwasha mara ya kwanza ilikuwa na pupa, ikifungua inapitiliza, ikifunga inapitiliza, na rampu ikawa inayumba kama mlevi wa pombe ya kienyeji. Nikaipunguza kasi, ikawa goigoi, nazungusha pedeli kwa nguvu na yenyewe bado inawaza upepo uliopita. Niliendelea kubadilisha kapasita ya kumbukumbu mpaka mkono wa kuzungushia ukafura, nikahamia mkono wa pili. Na mtambue, ile transista ya kumwagia nayo lazima iwe na haraka, kwa sababu kwenye mwendo mkali ikichelewa kuachia inakula mwanzo wa wimbi linalofuata.

Ilipokubali mwendo mkali, ikaanza kugoma kwenye ule wa polepole, tena asubuhi tu. Mchana rampu imenyooka, asubuhi kilele chake kimelala. Mnajua asubuhi za Karatu miezi ya baridi, ukungu unaingia mpaka jikoni. Na nyumba yangu iko kandokando ya njia wanayopita malori ya vitunguu ya Mang'ola, yanayoshusha vumbi la kule ziwani lenye magadi. Mnaona? Kwenye mwendo wa polepole bomba linadondosha matone tu, umeme kiduchu mno, na lile vumbi la magadi likilowa kwa ukungu linageuka njia ya umeme. Ndoo yangu ilikuwa inavuja kwa pembeni, juu ya bodi yenyewe, mahali ambapo macho hayaoni kitu.

Nikaiosha bodi kwa spiriti, nikaikausha juani, halafu nikaenda dukani kununua rangi ya kucha isiyo na rangi, chupa kadhaa. Muuzaji, binti mchangamfu, aliniuliza kama kuna harusi. Nikamwambia ipo, Piyaya. Nikaipaka ile bodi yote tabaka mbili, na mpaka leo sijaona dawa nzuri zaidi kwa bei ile. Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa mzito, nikazungusha pedeli polepole, kilele kikakaa juu mahali pake. Nilimwita mume wangu aje aone. Alitazama mstari, akasema ni mzuri, akauliza tena habari za baiskeli.

Najua mnachofikiri. Siku hizi kuna kichipu kidogo kinaandikiwa mahesabu na kinafanya hayo yote. Ni kweli, na ningekipata siku zile ningekikumbatia. Lakini hicho kichipu nacho utakiandikia wewe, na kama umeishi kwa umeme wa ukutani maisha yako yote, utakiandikia ukuta.

Mwezi ulipoandama nilikuwa Piyaya. Wazee walikaa kando ya birika, wamejifunika shuka, fimbo zao zimelala mbele yao. Wanawake walisimama upande wa pili na madumu yao. Naserian alisimama katikati peke yake, amevaa shanga zake zote. Kaupepo ka asubuhi kalikuja, mapanga yakaanza kuzunguka, pampu ikaguna. Mapanga hayakukabwa. Maji yalitoka membamba, lakini yalitoka. Wazee waliendelea kukaa, kwa sababu hawakuja kuangalia asubuhi.

Mchana upepo ulikuja wote. Vumbi likanyanyuka, mbuzi wakageuza migongo, mapanga yakaanza ule mlio wake wa juu ambao kila mtu pale aliujua. Huo ndio wakati ambao bomba huwa linakohoa na kukauka. Kila mtu alilitazama bomba. Mimi nilitazama chini, nikasikiliza, maana niliogopa kuona. Niliyasikia maji yakipiga kwenye birika, na yakaendelea kupiga, kwa nguvu kuliko nilivyowahi kuyasikia. Mzee Lemayian aliinuka, akaweka mkono wake chini ya maji na kuuacha pale kwa muda mrefu, kisha akageuka na kuwaambia wachungaji walete ng'ombe. Wazee wakainuka mmoja mmoja kupisha njia. Hakuna aliyetamka habari ya kushusha mtambo. Nililia, na sioni aibu kuwaambia.

Wanawake walipokwisha kujaza madumu, Naserian alinishika mkono akanipeleka kwenye kisanduku. Nilidhani anataka kunishukuru, nikawa natayarisha maneno ya unyenyekevu.

"Punda wangu akiumwa, dawa yake najua mwenyewe, na mama yangu alijua," alisema. "Hii ikiumwa nakungoja wewe. Na wewe utakufa, Mama Fundi. Fungua, nionyeshe."

Nilikasirika kwanza, maana hakuna anayependa kuzikwa akiwa amesimama. Halafu nikamtazama usoni, nikaona kwamba bado alikuwa na hofu ya siku ile pampu ilipokufa na punda hawapo, na maji ya leo hayakuwa yameiondoa. Nikaanza kufungua skrubu ya kwanza. Akanizuia. Kufungua, alisema, atafungua yeye. Nikampa bisibisi, nikaiweka mikono yangu nyuma.